Dennis Ritchie na Diski Iliyojaa

Wengi tunamjua Dennis Ritchie kwa lugha ya C tu, ile inayotutoa jasho mwaka wa kwanza. Mimi namkumbuka zaidi kwa diski iliyojaa.

Alizaliwa mwaka 1941 huko Bronxville, New York. Akasoma Harvard, kisha mwaka 1967 akaingia Maabara za Bell, alikokuwa akifanya kazi baba yake pia. Tasnifu ya udaktari aliiandika ila nakala iliyojalidiwa hakuikabidhi, shahada ikampita (jamani, tusiige). Hapo Bell, yeye na Ken Thompson wakaijenga Unix.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 diski ya mfumo ikawajalia. Programu zilizokosa nafasi wakazisukumia diski ya pili, kwenye saraka ya /usr iliyokuwa ya mafaili ya watumiaji. Basi programu zikawa na makazi mawili, /bin na /usr/bin, na Linux ikaurithi mgawanyo huo wa dharura.

Kuzirudisha nyumba moja si mchezo. Ukiihamisha /bin kienyeji, amri ya kuhamishia nayo imo humohumo. Ukiigusa /lib, karibu kila programu inagoma. Sasa umeme ukatike katikati, kama unavyotukatikia hapa Kizota usiku wa kuamkia mtihani, betri ya laptop imechoka, na ripoti ya fildi imo ndani!

Dawa ilikuwemo ndani ya Unix yenyewe. Humo jina si faili. Ni kibao tu kinachoelekeza faili lilipo, na faili moja laweza kuwa na vibao viwili. Kwa hiyo watu wa Fedora waliihamisha kabla mfumo haujawaka wote: saraka mpya inajengwa pembeni kwa nakala na viungo, ya zamani haiguswi, na majina yanabadilishwa mwishoni kabisa. Ya zamani inabaki na jina la akiba hadi mpya isimame. Umeme ukikatika kati ya jina na jina, unawasha kwa flashi na kurudisha jina. Ripoti, lakini, inakiliwe kwingine kwanza.

Ritchie na Thompson walipata Tuzo ya Turing mwaka 1983. Ritchie alikutwa amefariki nyumbani kwake New Jersey Oktoba 2011, siku chache baada ya Steve Jobs, na dunia ilikuwa bado inamlilia Jobs, ambaye kompyuta zake zilitembea na mfumo wa ukoo wa Unix. Mei 2012 Fedora 17 ikatoka, /bin ikiwa kiungo tu cha kwenda /usr/bin. Debian wao waliendelea nayo hadi toleo la 12, mwaka 2023.