Arap Koilegen: Ajuaye na Atendaye

Katika nchi ya Kericho na Bomet, ambako leo mashamba ya chai yamevifunika vilima mpaka jicho lichoke, jina la Kipchomber arap Koilegen halijasahauliwa. Hakuwa Mwislamu, wala hatumtaji hapa ili tumfuate katika aliyoyaamini. Twamtaja kwa kuwa habari zake zafunua swali ambalo katika darasa yetu huulizwa kila tufikapo mlango wa kadari: ikiwa Mwenyezi Mungu alijua tangu azali kwamba fulani atatenda ovu, vipi fulani huyo ataadhibiwa?

Alizaliwa katika ukoo wa Talai, ambao mapokeo yasema asili yake ni kwa Wamasai. Baba yake, Kimnyole arap Turukat, alikuwa Orkoiyot mkuu wa Wanandi. Vijana hawakwenda kuteka ng'ombe ila kwa idhini na baraka zake, na watu walimwendea kutaka habari za mvua, maradhi na maadui. Yasimuliwa kwamba alitabiri kuja kwa wageni weupe pamoja na nyoka wa chuma apumuaye moto, na wenyewe huona kuwa huyo ndiye reli iliyofika Kisumu mwaka 1901. Kisha nchi ikapatwa na njaa, ng'ombe wakafa kwa maradhi, na kikosi cha vijana aliowaruhusu kwenda vitani kikaangamia. Watu wakamgeukia. Kwa kuwa walimdhania kuyajua yajayo, wakasema ndiye aliyeyaleta. Na mwaka 1890 wakampiga kwa marungu hata akafa.

Tusifanye haraka kuwacheka. Huku kwetu mpiga ramli akisema mtoto wa jirani hatapona, na mtoto asipone, mtaa mzima humtazama kwa jicho la hofu kama kwamba yeye ndiye aliyeua. Makosa ni mawili. La kwanza ni kumpa kiumbe elimu ya ghaibu, ambayo ni ya Mungu peke yake. La pili ni kudhani kwamba kujua ni kutenda. Nahodha ajuaye kaskazi itaanza lini hakuivumisha yeye. Elimu hukifuata kitu kijulikanacho, haikisukumi.

Atasema msemaji: nahodha hakuumba upepo, lakini Mungu ameumba kila kitu, na vitendo vyetu pia. Haya ni maneno mazito, na asiyeyaona uzito wake hajalifahamu swali. Wako waliosema mwanadamu ni kama unyoya hewani, hana lake. Na wako waliosema huumba vitendo vyake mwenyewe, wakampunguzia Mola ufalme wake. Maulamaa wa Kiashari, ambao ndio wengi wa masheikh wetu wa pwani waliowafuata, walishika njia ya kati: kitendo huumbwa na Mungu, na mja hukichuma kwa hiari yake. Dalili yao kila mtu anayo mwilini mwake. Mkono utetemekao kwa homa si sawa na mkono uinuao rungu, na mwenye mkono aijua tofauti hiyo kabla hajafundishwa na mtu. Waliompiga Kimnyole hawakuwa wagonjwa wa homa. Ama kwa nini Mungu aliacha rungu lile lishuke, hapo twasema ana hekima yake, wala hatuoni haya kusimama mahali ambapo akili yetu imesimama.

Turudi kwa mwana. Baada ya kifo cha baba, Kipchomber alishindania cheo na ndugu yake Koitalel, na kiasi cha mwaka 1895 Koitalel akashinda. Arap Koilegen akakimbilia kusini kwa Wakipsigis, wakampokea, akawa Orkoiyot mkuu wao wa kwanza. Je, alikuwa akiikimbia kadari? Swali kama hilo aliulizwa Sayyidna Umar alipogeuza msafara wake asiingie Sham yenye tauni, akajibu kwamba aikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Kukimbia nako kumo katika yaliyojulikana, na miguu ni ya mkimbiaji. Koitalel aliyebaki aliwapinga Waingereza kwa miaka mingi, mpaka tarehe 19 Oktoba 1905 alipoitwa kwenye mazungumzo ya amani, akapigwa risasi na Kapteni Meinertzhagen. Mwitaji yule alikuwa na hiari mpaka dakika ya mwisho.

Arap Koilegen naye hakuachwa. Serikali iliona kwamba kila wizi wa ng'ombe na kila mnong'ono wa uasi una mkono wa ukoo wake, na mwaka 1914 ikamhamisha yeye na ndugu zake. Alipelekwa Fort Hall, ambao leo ni Murang'a, akafia uhamishoni. Katika miaka ya 1920 chai ikaanza kupandwa kwa wingi katika nchi aliyoiacha.

Lakini jambo litushughulishalo zaidi lilitokea baada yake. Mwaka 1934 ilitungwa sheria ya kuwaondoa Walaibon, ndilo jina Waingereza walilowaita, na ukoo mzima wa Talai wa Kericho, wake kwa waume, wazee kwa watoto, ukapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, penye mbung'o na malaria. Hapo hapakuulizwa nani ametenda. Mtoto wa siku saba alihukumiwa kwa ukoo aliozaliwa, na hakuna mtu achaguaye tumbo la kuzaliwa. Ajabu ni kwamba watu humshitaki Mola wao kwa kumwadhibu mja asiye na hiari, ilhali Yeye amesema hakuna nafsi ibebayo mzigo wa nyingine. Na waliofanya hivyo hasa ni wanadamu, kwa karatasi na muhuri. Waliosalia waliruhusiwa kurudi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wengi wao wakabaki bila ardhi.