Tajiri Aliyelala Ubavuni mwa Kilimambogo

Ukipanda matatu ya Matuu kutoka Nairobi na ushuke Kithimani, hebu geuka utazame kule ulikotoka. Mlima unaouona ukiwa peke yake upande wa magharibi ni Kilimambogo, au Ol Donyo Sabuk. Wengi huenda huko kutafuta nyati na kupiga picha. Lakini ubavuni mwake kuna kaburi lenye stori inayokuhusu hata wewe wa mtaani.

Aliyezikwa pale ni William Northrup McMillan, tajiri Mmarekani aliyezaliwa St. Louis mwaka 1872. Jamaa alikuwa pande la mtu, kwa kimo na kwa uzani. Mwaka 1903 alijaribu kupita Mto Blue Nile kwa mashua, lakini maporomoko yakazivunja. Muda mfupi baadaye akaja Kenya, akajipatia shamba Juja, kisha ardhi kubwa karibu na mlima huu. Fikiria basi: Mkamba aliyezoea kulisha ng'ombe nyanda hizi sasa anaona mpaka wa mgeni.

Mwaka 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani Marekani, alifikia kwake Juja akiwa katika safari ya uwindaji. Enzi hizo tajiri mwenye leseni akiua simba ni shujaa. Mwenyeji akitega swara wa kitoweo ni mhalifu. McMillan naye alipigana upande wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akatunukiwa cheo cha Sir, na akaketi katika bunge la walowezi.

Alifariki Ufaransa mwaka 1925. Alikuwa ametaka kuzikwa kileleni, basi mwili ukarudishwa Kenya. Trekta lililovuta jeneza likashindwa na mteremko, akazikwa hapo hapo njiani. Mwenye ardhi yote hiyo hakufika juu.

Mkewe, Lucie, aliyezikwa kando yake mwaka 1957, ndiye aliyejenga maktaba ya McMillan katikati ya Nairobi, ile yenye simba wa mawe mlangoni. Ilifunguliwa mwaka 1931, lakini kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu pekee. Babu yako angeweza kuifagia, si kuketi asome. Ilikabidhiwa Baraza la Jiji mwaka 1962, na mlima ukawa mbuga ya taifa mwaka 1967.

Usidhani milango hiyo ilijifungua yenyewe. Watu waliipigania, na wewe ndiwe mrithi wao. Kupita nje ya maktaba kila siku bila kuingia, au kujua Kilimambogo kwa picha za simu tu, ni kuacha urithi wako ukae bure.

Panda basi, maana ukipita kaburi hilo utafika kileleni, alikoshindwa kufika mwenyewe. Beba maji, na uombe askari wa KWS akusindikize. Nyati wa pale hawana mzaha.