Robert Bosch: fundi wa Ujerumani ambaye kazi yake ingali inawaka kwenye tablo ya gari lako

Ukifungua kontakti ya gari, mbele motere ingurume, taa ndogo ndogo nyekundu na za njano zinawaka kwenye tablo, halafu zinazimika. Mashofere wengi kwetu wanazitazama kama mapambo tu. Lakini kila moja iko na kazi yake, na nyuma ya nyingi kuna historia ya mtu mmoja aliyekufa zaidi ya miaka 80 iliyopita. Jina lake tunalisoma kila siku juu ya buji, batri na pampu za mazutu: Bosch. Mwenyewe alikuwa nani?

Robert Bosch alizaliwa tarehe 23 mwezi wa tisa mwaka wa 1861, katika kijiji cha Albeck, karibu na mji wa Ulm, kusini mwa Ujerumani. Alikuwa mtoto wa 11 kati ya watoto 12. Wazazi wake walikuwa wakulima wenye nyumba ya wageni. Hakusoma sana: alienda kujifunza ufundi wa vyombo vidogo kule Ulm, na bwana wake hakumfundisha vizuri. Jambo hilo hakulisahau, na baadaye alitaka vijana wa kiwanda chake wafundishwe kazi sawasawa. Alizunguka kutafuta ujuzi, akafika Marekani mwaka wa 1884 na kufanya kazi kwa Edison, kisha akapitia Uingereza.

Tarehe 15 mwezi wa 11 mwaka wa 1886 alifungua atelie yake mjini Stuttgart. Walikuwa watu watatu: yeye, fundi mmoja na kijana wa kutumwa. Walitengeneza telefone na kengele za umeme, kila kazi iliyopatikana. Miaka mingi ilikuwa ya madeni, hata wafanyakazi wengine ikabidi awaachishe kazi.

Kilichomuinua ni manyeto, chombo kinachozaa cheche ya kuwasha esanse ndani ya motere. Mwaka wa 1897 watu wake walifaulu kuifunga kwenye motere ya haraka ya kigari cha magurudumu matatu cha De Dion-Bouton. Mwaka wa 1902 mhandisi wake Gottlob Honold akaleta manyeto ya umeme mkali pamoja na buji. Toka hapo wenye magari wa Ulaya na Marekani wakaanza kumtafuta.

Mwaka wa 1913 kiwanda kikatoa taa za gari zenye dinamo na batri. Hapo swali jipya likazaliwa: shofere atajua namna gani kama batri inalishwa ao hapana? Jibu ni ile taa nyekundu yenye picha ya batri. Katika magari mengi, upande mmoja wa taa unapokea umeme wa batri, upande wa pili ule wa alternateri. Motere ikiwa imezimika, umeme wa batri unapita ndani ya taa, inawaka. Motere ikizunguka, pande zote mbili zinasukumana kwa nguvu sawa, hakuna kinachopita, taa inazimika. Kwa hiyo ikiwaka njiani, alternateri hailishi tena, ao mkanda umekatika. Na kwa magari mengi mkanda ule ule ndio unazungusha pampu ya maji. Ukijikaza kuendelea, motere itachemka.

Bosch alikuwa bwana mkali, mwenye kuhesabu kila kitu, lakini mwaka wa 1906 aliwapa wafanyakazi siku ya saa nane, wakati viwanda vingi vilikuwa mbali na hilo. Mwaka wa 1921 alimzika mwana wake aliyeugua miaka mingi. Mwaka wa 1927 kiwanda kikaanza kuuza pampu za mazutu kwa malori. Ndiyo maana gari la mazutu liko na taa ya njano yenye umbo la waya uliojikunja: inasema vyuma vya ndani vinapashwa moto. Ngoja izimike ndipo upige motere.

Uzee wake ulikuwa mgumu. Hitler alipotawala, Bosch alisaidia Wayahudi kukimbia na kumpa kazi Goerdeler, mpinzani wa utawala ule. Lakini viwanda vyake vilitengenezea jeshi vifaa, na maelfu ya watu walilazimishwa kufanya kazi humo wakati wa vita. Mambo hayo mawili yote ni ya historia yake. Alikufa Stuttgart tarehe 12 mwezi wa tatu mwaka wa 1942, akiwa na miaka 80. Aliacha hospitali, na leo sehemu kubwa ya kampuni ni mali ya shirika la kusaidia jamii.

Watu wa kampuni yake waliendelea. Mwaka wa 1976 walileta kipimo cha hewa kwenye bomba la moshi. Kipimo hicho kikiona kasoro, kompyuta inawasha taa ya njano yenye picha ya motere. Ikitulia, nenda garaji siku za karibu. Ikipepesa, punguza mwendo: esanse haiungui vizuri. Mwaka wa 1978 ikaja ABS, inayozuia magurudumu kufungika. Taa yake ya njano ikibaki, freni za kawaida bado ziko, lakini kwenye matope gurudumu linaweza kufungika na gari kuteleza.

Taa mbili nyekundu hazina mjadala. Ya freni inawaka ukisahau freni ya mkono, ao mafuta ya freni yakipungua; usiteremke nayo milima ya Ngomo. Ya mafuta ya motere inasema mafuta hayasukumwi tena: zima palepale, hata kama dipo liko karibu.

Ukitaka kununua gari la okazioni, fungua kontakti bila kupiga motere na uhesabu taa. Ile isiyowaka kabisa imeungua ao imetolewa makusudi ili usione ugonjwa. Uliza mbele ya kutoa pesa.