Al-Biruni na Hisabu ya Nyumba Sitini na Nne

Wachezao bao katika baraza za Msambweni na Diani wajua kuwa kete zake ni 64. Lakini mwulize mmoja wao: lau kete ya kwanza ingelipiwa punje moja ya mchele, ya pili punje mbili, ya tatu nne, ikizidi mara mbili hivyo mpaka kete ya mwisho, jumla ni ngapi? Wengi watakisia gunia, na aliye mkarimu atasema jahazi. Suali hili ni la kale. Likiulizwa juu ya nyumba 64 za sataranji, na miongoni mwa waliolijibu kwa njia nzuri mno ni Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni.

Alizaliwa mwaka 362 wa Hijria (973) katika nchi ya Khwarizm, akasomeshwa hisabu na falaki na Abu Nasr Mansur. Fitina za watawala zilimtoa kwao angali kijana. Akiwa ugenini Jurjan, kiasi cha mwaka 1000, alitunga kitabu chake cha tarehe za mataifa, na hisabu hii imo ndani yake.

Mtu mwingine angezidisha mara 63, kisha ajumlishe, na kosa moja njiani lingeharibu yote. Yeye alipata njia fupi. Nyumba ya 5 ina punje 16. Zidisha 16 kwa 16, wapata 256, nazo ni za nyumba ya 9. Zidisha hizo kwa nafsi yake: 65,536, nyumba ya 17. Tena: 4,294,967,296, nyumba ya 33. Tena mara moja tu, nawe umefika nyumba ya 65, ambayo ubaoni haipo. Sasa tazama: 1 na 2 na 4 ni 7, na nyumba ifuatayo ni 8, jumla ya zilizopita hupungua moja daima. Basi toa moja, jawabu ni 18,446,744,073,709,551,615.

Idadi hii yagawika bila ya baki kwa 3, 5, 17, 257 na 65,537. Na kila moja ya hizo ni 2, 4, 16, 256 au 65,536, yaani vidato vya ngazi ile ile, iliyoongezwa moja.

Mwaka 1017, alipokuwa amekwisha rejea kwao, Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarizm, naye akachukuliwa pasi na hiari yake. Huko alijifunza Kisanskriti na kuandika habari za Bara Hindi. Pwani yetu hakuifika, ila ameitaja bandari ya Somnath kuwa ni kituo cha vyombo vya kwenda Sufala ya Zanji.

Yaqut amepokea kuwa, akiwa mahututi, alimwuliza faqihi aliyekuja kumzuru mas'ala ya mirathi ya mabibi. Faqihi alimhurumia, akaona si wakati wake. Yeye akaona ni bora aiage dunia akiwa anaijua mas'ala ile kuliko kuiaga asiijue. Akaelezwa, akairudia mpaka akaihifadhi. Faqihi alipotoka alikuwa angali njiani, akasikia kilio nyuma yake.