Bibi Fatma Zahra Nyumbani Mwake

Hii ni habari ya Bibi Fatma, binti wa Mtume (S.A.W.), mkewe Sayyidna Ali, mama wa Hasan na Husein (R.A.). Utukufu wake hutajwa katika maulidi na katika khutba, wala hakuna mtu wa pwani asiyeujua. Lakini habari ya jiko lake, maji yake, nguo zake na malezi ya wanawe husomwa upesi upesi na kufahamiwa kombo. Wako wanaume ambao kila mke akitaja uchovu humwambia kuwa Bibi Fatma alisaga kwa mkono wake, khalafu wao hujiendea barazani. Habari yenyewe ikisomwa yote, mwanzo hata mwisho, haiwapi hoja hiyo.

Alizaliwa Makka, na mama yake ni Bibi Khadija binti Khuweilid. Kauli iliyo mashuhuri kwa wanachuoni wa Kisunni ni kuwa alizaliwa mwaka ule Makureshi walipoijenga upya Al-Kaaba, miaka 5 kabla ya baba yake kupewa Utume, nao ni kadiri ya mwaka 605. Dada zake wakubwa ni Zeinab, Rukayya na Ummu Kulthum.

Kazi ya kuondoa uchafu aliianza utotoni, wala haukuwa uchafu wa vyombo. Siku moja Mtume alikuwa akisali penye Al-Kaaba. Ukba bin Abi Mueit akaleta kondo la ngamia aliyechinjwa, akamtupia baina ya mabega naye yumo katika sijda. Makureshi wakacheka hata wakaegemeana. Ibn Masud, aliyeshuhudia na kuisimulia habari hii, hakuwa na jamaa wa kumkinga, basi hakuweza kufanya neno. Fatma akapata habari, naye ni mtoto wa kike tu. Akaja mbio, akauondoa uchafu ule mgongoni mwa baba yake, kisha akawageukia wazee wale wa Kikureshi akawakemea mbele ya watu.

Mama yake alifariki miaka 3 kabla ya Hijra, kadiri ya mwaka 619. Baada ya kuhamia Madina, na vita vya Badri vimekwisha kupita, aliolewa na Sayyidna Ali katika mwaka wa 2 wa Hijra (624). Ali hakuwa na mali. Mtume alipomtaka atoe mahari naye hana kitu, alimuuliza iko wapi deraya yake ya chuma, ndiyo iliyotolewa. Na vyombo alivyopewa bibi arusi, katika riwaya ya Imam Ahmad, ni nguo ya kujifunika yenye manyoya, mto wa ngozi uliojazwa nyuzi za mtende, mawe mawili ya kusagia, kiriba cha maji na mitungi miwili. Huyu ni binti wa mtu aliye mbora wa viumbe, na harusi yake yote ingechukuliwa na hamali mmoja. Wazazi wanaowakalisha vijana miaka mingi bila ya kuoa kwa ajili ya vitanda na masanduku, na wawaeleze watu wamemfuata nani.

Katika vyombo hivyo mna kazi ya siku nzima. Shayiri yasagwa kwa mkono, unga wakandwa, moto wawashwa, maji yatekwa kisimani na kuchukuliwa kwa kiriba. Abu Daud amepokea kuwa alisaga hata mawe yakamwachia alama mkononi, akachukua maji hata kamba ya kiriba ikamwachia alama mwilini, akafagia nyumba hata nguo zake zikajaa vumbi, akakoka moto chini ya chungu hata nguo zikabadilika rangi kwa moshi. Mwenye kujua nguo ya vumbi na masizi hufuliwa vipi pahala ambapo kila tone la maji limebebwa mgongoni, atajua kuwa kazi ile haikuwa na mwisho: nguo yachafuliwa na kazi, na kuifua nako ni kazi.

Na Ali hakuwa amekaa. Imepokewa kuwa siku moja njaa ilimshika Madina, akatoka kwenda viungani kutafuta kazi, akapatana na mwanamke mmoja amtekee maji, kila ndoo kwa tende 1. Akateka ndoo 16 hata mikono ikamtoka malengelenge, akapewa tende 16, akaenda nazo kwa Mtume wakala pamoja. Basi katika nyumba ile mikono ya mume ilikuwa na malengelenge ya kamba, na ya mke ina sugu ya mawe. Imepokewa pia kuwa Ali alimtaka mama yake mzazi, Bibi Fatma binti Asad, amtoshee mkewe kazi za nje, kuteka maji na kwenda kwenye haja, na yeye mkewe amtoshee mama kazi za ndani, kusaga na kukanda. Ama ile riwaya inayotajwa sana, kuwa Mtume alihukumu kazi za ndani ziwe juu ya Fatma na za nje juu ya Ali, hiyo imepokewa na Dhamra bin Habib, naye ni tabii. Riwaya ni mursal, na mursal peke yake si hoja kwa Imam Shafii.

Sasa ije habari ya mtumishi, ambayo ndiyo inayotolewa vipande. Mtume aliletewa mateka. Ali, kwa kuwa aliiona mikono ya mkewe, ndiye aliyemshauri aende kwa baba yake akaombe mtumishi. Akaenda, asimkute, akamwachia maneno Bibi Aisha akarudi. Usiku, wao wamekwisha kulala, Mtume akaja mwenyewe. Wakataka kuinuka, akawazuia, akaketi baina yao, hata Ali akasikia baridi ya nyayo zake. Mtumishi hakuwapa, kwa kuwa watu wa Suffa, mafakiri wa msikitini, walikuwa na njaa, na thamani ya mateka wale alitaka awalishe wao. Akawafundisha wanapolala wamsabihi Mwenyezi Mungu mara 33, wamhimidi mara 33, na wamkabiri mara 34. Akawajulisha kuwa hayo ni bora kwao kuliko mtumishi. Ali hakuziacha tasbihi hizo maisha yake yote, hata usiku wa Siffin katika mwaka wa 37 (657).

Msomaji na aangalie mambo yaliyomo humu. Kwanza, Fatma alilalamika, wala baba yake hakumkemea kwa kulalamika. Pili, mumewe ndiye aliyempeleka. Tatu, aliyenyimwa si mke peke yake. Wamenyimwa wote wawili, na wote wawili wakafundishwa. Nne, sababu ya kunyimwa ni wenye njaa, si kuwa mwanamke ameumbwa kwa ajili ya mawe ya kusagia. Mwenye kumnyima mkewe msaidizi ili pesa zile awalishe mafakiri, huyo anayo njia ya kuitaja habari hii. Mwenye kumnyima ili azidishe kanzu na fimbo za kutembelea, hana. Na Imam Bukhari katika kitabu cha matumizi ya nyumba ameiweka hadithi hii katika mlango wa kazi ya mwanamke nyumbani mwa mumewe, na tena katika mlango wa mtumishi wa mwanamke, kisha mara akaufuatiza mlango wa mwanamume kuwatumikia watu wa nyumba yake, akaleta humo habari ya Bibi Aisha ya kuwa Mtume alipokuwa nyumbani alikuwa katika kazi ya ahali zake, hata akisikia adhana hutoka. Katika riwaya nyengine imetajwa kuwa akishona nguo yake na kukiunga kiatu chake. Wanaoishika milango miwili ya kwanza huufumbia macho mlango wa tatu.

Na hukumu ya madhehebu yetu Mashafi iko wazi. Sheikh Abu Is-hak Shirazi, aliyefariki mwaka 476 (1083), ameandika katika Muhadhab kuwa si wajibu juu ya mke kumtumikia mumewe kwa kuoka mkate, wala kusaga, wala kupika, wala kufua, wala kazi nyengine mfano wa hizo. Na mwanamke ambaye kwa watu wake alikuwa akitumikiwa, mume humpasa kumpatia mtumishi. Wako wanachuoni wa madhehebu mengine waliosema kuwa yapasa kwa ada ya watu, nao wana dalili zao. Lakini kwa Mashafi, alichokifanya Bibi Fatma ni ihsani na tabia njema, na ihsani haidaiwi kama deni. Hupokewa kwa shukrani. Mume wa Kishafi anayempigia mkewe kelele kwa kanzu isiyofuliwa amedai kisichokuwa haki yake.

Wala nyumba ile haikukosa ugomvi. Siku moja Mtume alifika asimkute Ali. Akauliza, Fatma akamweleza kuwa wamekosana, naye ametoka kwa hasira asilale mchana kwake. Mtume hakumhukumu mmoja wao. Akamtafuta Ali, akamkuta amelala msikitini, shuka imemtoka ubavuni na mwili umepata vumbi; akampangusa vumbi lile kwa mkono wake akimwita Abu Turab, na jina hilo likawa ndilo Ali alipendalo kuliko majina yake yote.

Mtoto wao wa kwanza, Hasan, alizaliwa Ramadhani ya mwaka wa 3 (625), na Husein Shaaban ya mwaka wa 4 (626). Kisha Zeinab na Ummu Kulthum, na Muhsin aliyekufa mdogo. Vita vya Uhud vilikuwa Shawali ya mwaka ule wa 3. Basi Hasan alikuwa na kadiri ya mwezi mmoja, na mama yake hajatimiza arubaini, alipotakiwa tena kuosha. Baba yake amevunjwa jino na kupasuliwa uso. Ali akileta maji kwa ngao akimimina, Fatma akiosha damu. Akaona maji hayazidishi ila damu kutoka, akachoma kipande cha jamvi hata kikawa jivu, akalibandika penye jeraha, damu ikakatika.

Watoto wale walilelewa baina ya nyumba ya mama yao na mapaja ya babu yao. Abu Daud amepokea kuwa Husein alikojoa mapajani mwa Mtume, na Bibi Lubaba, Ummul Fadhl, mke wa Abbas, akamtaka avae nguo nyengine ampe shuka ile aifue. Mtume akamfahamisha kuwa mkojo wa mtoto wa kike hufuliwa, na wa mtoto wa kiume hunyunyiziwa maji. Na katika Bukhari na Muslim iko habari ya mtoto wa Ummu Kais binti Mihsan mfano wa hiyo. Kwa hadithi hizi Mashafi wameufanya mkojo wa mtoto wa kiume kuwa najisi hafifu, kama wasomavyo vijana katika Safina: awe hajatimiza miaka 2, na chakula chake ni maziwa tu, ikiondoka najisi yenyewe, hutosha kuieneza sehemu ile kwa maji ya kunyunyiza, hata yasipotiririka. Tende anayopakwa mdomoni siku ya kuzaliwa haimtoi katika hukumu hiyo, wala dawa. Katika sababu walizozitaja wanachuoni ni kuwa watu hupenda sana kuwabeba watoto wa kiume, basi sharia ikawahafifishia. Yaani rukhsa hii imeteremkia nguo za wanaobeba. Mwanamume ambaye hajapata kumpakata mwanawe kwa kuogopea kanzu yake ya Ijumaa, rukhsa hii haina kazi kwake.

Mtume aliwapakata. Mmoja katika wajukuu wale alimpanda mgongoni katika sijda ya sala ya jamaa, akairefusha sijda hata watu wakadhani limetokea jambo, kwa kuwa hakupenda kumharakisha mtoto. Tena alikuwa juu ya mimbari akikhutubu, wakaja wawili wale wamevaa kanzu nyekundu, wanatembea na kujikwaa. Akashuka akawachukua, akawaweka mbele yake. Lakini mapenzi hayo hayakuwa ya kudekeza. Hasan alipotia kinywani tende ya sadaka, akamtoa tende ile, kwa kuwa sadaka si halali kwa ali za Mtume. Naye ni mtoto ambaye wengi wangesema hajafahamu. Na maneno ya kunuti wayasomayo Mashafi kila alfajiri, Hasan ndiye aliyeyapokea, amefundishwa na babu yake ayasome katika witri. Mtume alipofariki Hasan alikuwa hajatimiza miaka 8. Wazee wazima mpaka leo huinua mikono kwa maneno yaliyohifadhiwa na mtoto.

Mtume alifariki Rabiul Awwal ya mwaka wa 11 (632). Katika maradhi yake alimnong'oneza Fatma akalia, akamnong'oneza tena akacheka. Baadaye akaeleza kuwa la kwanza ni habari ya kufa baba yake, na la pili ni kuwa yeye ndiye wa mwanzo katika ahali zake kumfuata. Akaishi baada yake kadiri ya miezi 6. Imepokewa kuwa alichukia jinsi maiti ya mwanamke ilivyofunikwa nguo tu na umbo likaonekana. Bibi Asma binti Umeis, mkewe Sayyidna Abubakar, akamwonyesha tusi aliloliona Uhabeshi, la makuti mabichi yaliyopindwa na kufunikwa nguo, akapendezewa nalo.

Alifariki Ramadhani ya mwaka ule wa 11. Hasan alikuwa na miaka 8, na Husein 7. Waliomwosha ni Asma binti Umeis na mumewe Ali, na Imam Shafii ameipokea habari hiyo. Kwayo madhehebu yake yamemruhusu mume kumwosha mkewe aliyekufa, ingawa Mahanafi wamekataa. Ali akamzika usiku ule ule.