Clara Barton na Stima za Mtoni

Sisi wa Kitui na Makueni tunaijua mito kwa namna yetu. Mto wetu ni mchanga kwa miezi mingi ya mwaka. Ukitaka maji unafukua kisima mchangani, unangoja yajae polepole, unateka, unabebesha punda, unarudi nyumbani. Halafu siku moja mvua inanyesha mbali huko juu, na kabla hujaguswa na tone hata moja mto umekwisha kujaa kutoka ukingo hadi ukingo. Mto Enziu ulituonyesha hayo Desemba 2021, basi liliposombwa na maji kule Mwingi na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Hata wazee wetu wanaikumbuka mvua ya 1961, mvua iliyokatakata barabara za Ukambani mpaka chakula kikaletwa kwa ndege. Njaa ya wakati ule waliipa jina la yua ya ndeke, njaa ya ndege.

Basi swali ni hili: maji yakishakata njia, msaada utapita wapi? Mwanamama tunayemsimulia mwaka huu alilijibu kwa kukodi stima. Nasema stima ile ya majini, si ya taa.

Clara Barton alizaliwa siku ya Krismasi mwaka 1821 katika kijiji cha North Oxford, jimbo la Massachusetts, Marekani. Alikuwa kitinda mimba katika nyumba ya watoto watano. Alikuwa mtoto mwenye haya kupita kiasi, wa kujificha wageni wakija. Alipokuwa na umri wa miaka 11 kaka yake David alianguka kutoka juu ya ghala waliyokuwa wakijenga, akaumia vibaya. Clara ndiye aliyemuuguza kwa muda wa miaka miwili hivi, akimpa dawa na kumwekea ruba wa kunyonya damu, maana ndiyo iliyokuwa tiba ya siku hizo. Zaidi ya hapo hakusomea udaktari wala uuguzi mahali popote. Jambo hilo tulishike, kwa sababu wengi hudhani alikuwa nesi wa vyeti.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ualimu, na hapa walimu wetu watege sikio. Mwaka 1852 alifungua shule ya bure katika mji wa Bordentown, New Jersey. Siku ya kwanza walikuja wavulana sita tu. Baada ya muda mfupi walikuwa mamia, na mji ukajenga shule kubwa. Ilipokamilika, wakubwa wa mji wakasema shule kubwa namna hiyo haiwezi kuongozwa na mwanamke. Wakaajiri mwalimu mkuu mwanamume, tena kwa mshahara uliozidi wa Clara mara mbili. Alijiuzulu. Akaenda Washington, akapata kazi ya ukarani katika ofisi ya serikali ya kusajili uvumbuzi, mahali ambapo wanawake walikuwa wachache kama mvua ya Agosti.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, karani huyu aliacha kalamu. Aliwakuta askari wa jimbo lake wamefika Washington wakiwa na majeraha na bila hata shuka, akaanza kukusanya vitu kutoka nyumba hadi nyumba. Punde si punde akawa anaviendesha kwa magari ya farasi hadi vitani penyewe. Katika mapigano ya Antietam, Septemba 1862, risasi ilipita kwenye mkono wa nguo yake na kumuua majeruhi aliyekuwa akimpa maji. Vita vilipokwisha alifungua ofisi ya kuwatafuta askari waliopotea. Barua zaidi ya 63,000 zilijibiwa, na watu wapatao 22,000 wakajulikana walikopatwa na mauti au waliko. Kazi hiyo ilimchosha, sauti ikamkauka, na mwaka 1869 madaktari wakamwambia aende Ulaya akapumzike.

Kumbe huko ndiko alikokwenda kuanza! Akiwa Uswisi alisikia habari za Msalaba Mwekundu, chama cha kuwahudumia majeruhi wa vita bila kuuliza ni wa upande gani, na habari za Mkataba wa Geneva wa mwaka 1864. Alishangaa kwamba Marekani haikuwa imeutia sahihi. Aliporudi kwao aliwaendea wakubwa mmoja baada ya mwingine, na wengi walimjibu kwamba nchi yao haina vita tena, sasa chama hicho cha nini?

Hapo ndipo akili yake ilipofanya kazi. Bi. Clara aliwaeleza kuwa hata nchi isiyo na vita ina moto, ina tauni, ina mafuriko, na mtu aliyebomokewa na nyumba hana tofauti kubwa na aliyepigwa risasi. Tarehe 21 Mei 1881 Chama cha Msalaba Mwekundu cha Marekani kikaundwa, yeye akiwa rais wake akiwa na miaka 59. Mwaka uliofuata nchi yake ikauridhia ule mkataba.

Haya, sasa twende mtoni.

Mwezi Februari 1884 theluji iliyeyuka kwa ghafla huku mvua ikinyesha, na Mto Ohio ukapanda. Huo si mto wa kuvuka kwa kukunja suruali. Katika mji wa Cincinnati maji yalifikia kimo cha futi 71. Miji na mashamba ya kandokando yalifunikwa, na watu wakawa wanaishi orofani au juu ya paa katika baridi kali. Kisha, kana kwamba hayo hayakutosha, kimbunga kikapiga sehemu za bonde hilohilo na kuvunja nyumba ambazo maji yalikuwa yameziacha.

Clara alikwenda mwenyewe, wakati huo akiwa na miaka 62. Alifuata mto hadi Evansville, Indiana, na kule akakodi stima iitwayo Josh V. Throop. Akapandisha bendera nyeupe yenye msalaba mwekundu, akang'oa nanga. Pamoja naye alikuwa Daktari Julian Hubbell, kijana aliyekuwa ametoka masomoni juzijuzi na ambaye alikuwa mkono wake wa kulia kwa miaka mingi iliyofuata.

Ebu ona alichopakia. Serikali ilikuwa na stima zake zilizogawa chakula na mahema. Angeweza naye kupakia chakula ili bendera yake ionekane, lakini hakutaka watu wapewe kitu kilekile mara mbili huku wakikosa kingine. Yeye akajaza makaa ya mawe na nguo. Mtu aliyelowa kwa siku nyingi katika majira ya baridi, hana moto, hana blanketi, kifua kitamshika kabla njaa haijamuua. Kwa hiyo gunia la makaa na blanketi kavu vilikuwa dawa kabla ya dawa yenyewe. Mimi naona hapa ndipo ubingwa wake ulipokuwa. Aliuliza kwanza nini kinakosekana.

Stima ilishuka ikifuata mto hadi mji wa Cairo (si ile ya Misri, ni ya Illinois, Ohio unapoingia katika Mto Mississippi). Popote walipoona watu wamekusanyika, walitia nanga, wakawaita wazee wachache wa mahali pale, wakauliza ni jamaa wangapi na wamepoteza nini, wakashusha vitu, wakaondoka. Hapakuwa na hotuba.

Halafu habari zikaja kwamba Mississippi nao umefurika. Akaenda St. Louis akakodi stima nyingine, Mattie Bell, akaelekea kusini hadi New Orleans. Safari hii sehemu kubwa ya mzigo ilikuwa nyasi kavu, shayiri na mahindi ya kulisha wanyama! Wako waliocheka, nadhani, lakini sisi wafugaji hatucheki. Ng'ombe na nyumbu walikuwa wamekwama juu ya kingo nyembamba za udongo, maji huku na maji huku, hawana unyasi wa kutafuna. Mkulima aliyeokolewa mwenyewe kisha akapoteza maksai wake atalima na nini maji yakiisha? Watu wa umri wa babu zetu walioona ukame wa 1984, ule uitwao nikw'a ngwete, watakueleza maana ya kubaki hai huku boma ni tupu.

Maji yalipopungua alirudi tena Ohio na Throop yake, na mara hii stima ilikuwa kama duka na karakana pamoja: mbao, milango, madirisha, misumari, majembe, mbegu, vyombo vya nyumbani na mafundi wa kujenga. Walifika mahali, wakamkuta mtu na watoto wake amesimama pale palipokuwa na nyumba yake, mafundi wakashuka, na stima ikiondoka inaacha nyumba yenye kitanda na chakula ndani, na mbegu za kupanda. Kwa jumla alizunguka mitoni kwa miezi minne, safari ya maili zaidi ya 8,000, yaani karibu kilomita 13,000.

Kuna kisa kimoja cha safari hizo ambacho sisi wanafunzi hatuna budi kukijua. Katika mji mdogo wa Waterford, Pennsylvania, watoto sita walisikia habari za mafuriko. Walitunga mchezo, wakauonyesha kwa kiingilio, wakapata zaidi ya dola 50, wakazituma zimfikie Bi. Clara azitumie aonavyo. Hakuzitia katika mfuko mkuu zikapotelea humo. Alizihifadhi, akangoja apate mahali pake. Siku moja, ukingoni upande wa Illinois, aliona ghala la mahindi ambalo kimbunga kililisaza, na ndani yake alikuwa akiishi mama mjane aliyevunjikiwa na nyumba. Alikuwa na watoto wangapi? Sita! Basi fedha za watoto sita zikawaendea watoto sita, pamoja na nguo na mahitaji ya nyumbani, na pale stima ilipotia nanga wakapaita kwa jina la wale sita wa Waterford.

Septemba ya mwaka huohuo 1884 wajumbe wa Msalaba Mwekundu wa nchi mbalimbali walikutana Geneva, na Clara alikuwapo. Mkutano ulikubali kwamba vyama vya Msalaba Mwekundu vitoe msaada hata wakati wa amani, katika majanga ya asili. Boti za Msalaba Mwekundu wa Kenya zilizoonekana Garissa na Tana River wakati wa mafuriko ya 2023 na 2024 ni wajukuu wa azimio lile.

Sitasimulia kila alikokwenda. Mwaka 1889 bwawa lilipasuka juu ya mji wa Johnstown, Pennsylvania, watu zaidi ya 2,200 wakafa, naye akakaa huko miezi mitano. Lakini siwezi kuruka visiwa vya pwani ya Carolina Kusini. Usiku wa tarehe 27 Agosti 1893 tufani ilivizamisha. Wakazi wake wengi walikuwa Weusi, watu waliokuwa watumwa na watoto wao, ambao mababu zao walitolewa Afrika Magharibi. Nyumba zilisombwa, mazao yaliharibika, visima vikaingiwa na maji ya chumvi, na homa ikafuata. Huko hukufika ila kwa chombo cha majini. Clara, mwenye miaka 71, aliweka makao yake mjini Beaufort. Kutoka hapo mashua zilipeleka chakula na madaktari visiwani, na wakazi nao wakaja na mashua zao wenyewe kuchukua posho.

Watu 30,000 walitegemea kazi hiyo kwa miezi kumi, na fedha zilikuwa haba. Jamaa ya watu saba walipewa kwa juma mahindi yaliyokobolewa na kusagwa kidogo (muthokoi uliopitishwa kinuni mara ya pili, tuseme), chini ya nusu debe, na ratili moja ya nyama ya nguruwe. Si karamu. Wenye mashamba makubwa walinung'unika kwamba msaada utawafanya Weusi wavivu. Clara aliwapa watu majembe na mbegu, wanaume wakachimba mitaro ya kutoa maji yaliyotuama mashambani, wanawake wakashona nguo, na alipoondoka mwaka 1894 mashamba yalikuwa yamepandwa.

Isidhaniwe kuwa alikuwa malaika. Alipenda kushika kila kitu mwenyewe, na hesabu za chama hazikuwekwa kwa utaratibu unaostahili chama kikubwa. Waliomkosoa walikuwa na hoja. Baada ya mvutano mrefu alijiuzulu mwaka 1904, akiwa na miaka 82, na nadhani ilimuuma kuliko ile shule ya Bordentown.

Aliishi miaka yake ya mwisho Glen Echo, Maryland, katika nyumba iliyojengwa kwa mbao zilizoletwa kutoka Johnstown, mbao za jengo ambalo Msalaba Mwekundu ulikuwa umelisimamisha kuwahifadhi walionusurika. Ndani ya kuta za ukumbi wake aliweka makabati ya blanketi na bandeji, tayari kwa safari. Alifariki humo tarehe 12 Aprili 1912, akiwa na miaka 90, akazikwa kwao North Oxford.