Mchapaji Si Mchapishaji: Funzo la Virginia Woolf

Kila mara walimu na wanafunzi wa fasihi wanapokutana, swali moja huzuka: je, mwandishi chipukizi wa riwaya ajichapishie kitabu chake, au aupeleke mswada wake kwa mchapishaji mdogo na kusubiri? Aghalabu mjadala huo hupotea njia mapema kwa sababu ya maneno mawili tunayoyachanganya. Kuchapa ni kutia herufi kwenye karatasi. Kuchapisha, kama kiambishi chake cha usababishi kinavyodokeza, ni kusababisha kitabu kichapwe, na katika matumizi yetu ni kukifikisha pia mikononi mwa wasomaji. Mwandishi anayemlipa mchapaji akadhani amepata mchapishaji amejidanganya. Miongoni mwa waandishi mashuhuri, sijui ambaye maisha yake yanaifafanua tofauti hii vizuri kuliko Virginia Woolf wa Uingereza, aliyezifanya kazi zote mbili kwa mikono yake.

Alizaliwa London tarehe 25 Januari 1882. Baba yake, Leslie Stephen, alikuwa mhakiki na mhariri mwenye sifa. Hata hivyo, binti huyo hakupelekwa Cambridge kama kaka zake. Sehemu kubwa ya elimu yake aliipata katika maktaba ya baba yake. Mama yake alifariki mwaka 1895, na tangu hapo maradhi ya akili yalimwandama hadi mwisho wa maisha yake. Mwaka 1912 aliolewa na Leonard Woolf, aliyekuwa amerejea kutoka Ceylon, Sri Lanka ya leo, alikoitumikia serikali ya kikoloni.

Riwaya yake ya kwanza, The Voyage Out, ilikubaliwa mwaka 1913 na kampuni ya Gerald Duckworth. Huyu Duckworth alikuwa kaka yake wa mama mmoja na baba mbali. Katika kumbukumbu alizoandika miaka mingi baadaye, Virginia alieleza jinsi kaka huyo alivyomvunjia heshima ya mwili wake alipokuwa mtoto mdogo. Msomaji na atafakari uzito wa jambo hilo: mwandishi ambaye kila ukurasa wake hauna budi kupita katika ofisi ya mtu wa namna hiyo. Kabla kitabu hakijatoka, Virginia aliugua vibaya na kujaribu kujiua. Riwaya hiyo ilitolewa mwaka 1915.

Mnamo Machi 1917, mume na mke walinunua mtambo mdogo wa mkono wa kupigia chapa kwa paundi 19 na ushei. Walikuwa wametaka kwanza kujifunza kazi hiyo katika chuo cha wapiga chapa, wakakataliwa kwa kuwa chuo kilipokea wanagenzi wa vyama vya wafanyakazi tu. Ikawabidi wajifunze kwa kijitabu cha maelezo, mtambo ukiwa katika chumba cha kulia chakula nyumbani kwao, Hogarth House, huko Richmond. Leonard alitumaini kwamba kazi ya mikono ingeituliza akili ya mkewe. Nyumba hiyo ndiyo iliyoipa Hogarth Press jina lake.

Kitabu chao cha kwanza kilitoka Julai mwaka huohuo: hadithi mbili, moja ya mume na moja ya mke, nakala 150. Walivipanga vipande vya herufi kimoja kimoja, wakashona kurasa kwa uzi, wakawauzia marafiki na jamaa kwa barua. Leonard, aliyeandika kila senti katika daftari, aliona kwamba baada ya gharama zote imebaki faida ya kama paundi 7. Mwaka 1918 wakatoa hadithi ya Katherine Mansfield iitwayo Prelude, kitabu cha kurasa 68 ambacho upangaji wa herufi zake ulichukua miezi. Katika baadhi ya kurasa zake, jina la hadithi limechapwa kwa makosa. Hapakuwa na jicho la tatu la kuyasahihisha.

Mwaka 1919 ndipo walipotambua kwamba kuchapa si kuchapisha. Walitoa hadithi fupi ya Virginia, Kew Gardens, nakala 150, na mauzo yakadorora. Kisha gazeti moja la fasihi la London likaisifu. Mume na mke waliporudi nyumbani kutoka mashambani, walikuta barua za wanunuzi zimetapakaa mlangoni. Mtambo wa mkono haukuweza kamwe kuitosheleza haja hiyo, hivyo wakamlipa mpiga chapa wa biashara awatolee nakala nyingine 500. Kuanzia hapo walilazimika kushughulikia mikataba, maduka, bei na madeni.

Riwaya ya pili ya Virginia bado ilitolewa na Duckworth mwaka 1919. Ya tatu, Jacob's Room, ilitoka kwao wenyewe mwaka 1922. Ndiyo iliyovunja kanuni za riwaya alizozizoea msomaji wa zama hizo: msuko wake umekatikakatika na mhusika mkuu huonekana kwa vipande tu. Wauza vitabu walilichukia hata jalada lake, lililochorwa na dada yake, Vanessa Bell. Tangu hapo Virginia hakulazimika tena kumwomba mhariri yeyote ruhusa. Mrs Dalloway mwaka 1925, To the Lighthouse mwaka 1927 na Orlando mwaka 1928 zote zilitoka katika nyumba yake. Ni vigumu kuamini kwamba angethubutu kuandika hivyo kama angekuwa bado anamngojea Duckworth.

Hata hivyo, wanaomtaja kuwa shahidi wa kujichapishia husahau mambo mawili. Kwanza, alikuwa na uwezo. Shangazi yake alimwachia urithi wa paundi 2,500 mwaka 1909, na mtambo ule haukutegemewa kulipa kodi ya nyumba. Mwenyewe aliujua ukweli huu, kwani katika insha yake ya mwaka 1929 alishikilia kwamba mwanamke anayetaka kuandika anahitaji chumba chake na paundi 500 kwa mwaka. Pili, hakuwa peke yake. Leonard alikuwa msomaji wake wa kwanza, mhasibu wake na meneja wake. Kazi ya mchapishaji ilifanywa, tena kwa ukali. Ila aliyeifanya alikuwa ndani ya nyumba.

Fauka ya hayo, Virginia aliwatumikia wengine. Alisoma miswada ya watu asiowajua, akafunga vifurushi, na kwa vidole vyake akapanga herufi za The Waste Land, shairi refu la T. S. Eliot, mwaka 1923. Wakati mwingine walishindwa. Mwaka 1918 waliukataa mswada wa James Joyce, Ulysses, kwa kuwa mtambo wao usingeumudu urefu wake na wapiga chapa wa biashara waliogopa kushtakiwa. Lakini udogo huo pia uliwapa ujasiri. Mwaka 1924 walitoa kitabu cha Norman Leys kiitwacho Kenya, ambamo daktari huyo aliyewahi kuitumikia serikali ya kikoloni alishutumu unyang'anyi wa ardhi na unyanyasaji wa wafanyakazi nchini mwetu. Mwaka 1934 wakatoa kitabu cha Mkenya, Parmenas Githendu Mockerie, aliyekuwa amekwenda London kuwatetea Wakikuyu. Kwa hiyo, historia ya mtambo ule wa chumba cha chakula inatuhusu na sisi.

Mzigo ulimchosha hatimaye. Mwaka 1938 aliiuza nusu yake ya kampuni kwa John Lehmann. Mabomu ya vita yaliiharibu ofisi yao mwaka 1940, na tarehe 28 Machi 1941, akihofia kwamba maradhi yanamrudia, alijitosa katika mto Ouse.

Mwanafunzi mwenye mswada wa riwaya mkobani achukue nini hapa? Hapa kwetu mchapaji ni rahisi kumpata. Mwenye fedha huondoka na nakala 500 na kuzilundika chini ya kitanda. Basi kabla ya kuchagua njia, na aulize nani atakayeusoma mswada kwa jicho kali, nani atakayesahihisha makosa, nani atakayekipeleka kitabu madukani na shuleni, na nani atakayeshika daftari la hesabu. Mchapishaji mdogo asiye na majibu ya maswali hayo hana anachomzidi mchapaji, na hastahili kupewa haki za kazi ya mtu. Naye mwandishi anayejichapishia, kama hana majibu hayo, amtafute Leonard wake kwanza.